Onyo Ambalo Mwita Hakuliona

Nyakunguru, Alhamisi mchana

Bhoke mwanangu,

Umeondoka asubuhi kwenda Ringwani kumuaga bibi yako, na najua utarudi jioni umechoka, umeshiba kuku, na mfuko wa karanga mkononi. Mimi nimefunga steshenari mapema. Watu wawili wamekuja kugonga wakitaka kopi za vitambulisho, nikawaambia kupitia dirishani kwamba mashine imeharibika. Mungu anisamehe, mashine ni nzima. Nilichotaka ni meza na utulivu.

Nakuandikia kwa mkono, kwa kalamu. Ningeweza kuchapa, na mwandiko wangu unaujua ulivyo. Lakini kwenye karatasi neno likishaandikwa linabaki pale pale mpaka msomaji alifikie, na leo nahitaji hivyo.

Sitakuandikia habari za blanketi wala za kuchemsha maji ya kunywa huko Mwanza. Begi lako nimelichungulia, umelipanga vizuri kuliko ambavyo ningelipanga mimi. Nataka kukuandikia habari za kaka yako.

Najua hupendi. Tangu ukiwa kidato cha pili, jina la Mwita likitajwa humu ndani unatafuta cha kufanya: unafagia palipofagiwa, unakwenda kuangalia kama kuna maji. Siku ya arobaini yake watu walikuwa wanalia uani, na wewe ulikuwa jikoni na mimi. Nikakuuliza mbona hutoki kukaa na shangazi zako. Ukanijibu bila kugeuka, "Aliandikiwa asishuke, akashuka. Sasa mimi nilie nini, mama?"

Nilikuwa nakata mboga. Sikukujibu. Niliendelea kukata mboga kwa miaka sita, mwanangu. Leo nakujibu.

Mwita hakuliona onyo. Aliandikiwa, ni kweli, lakini hakuliona, na aliyesababisha asilione ni mimi.

Ngoja niandike taratibu, tangu mwanzo.

Unalikumbuka daftari la maduara? Wewe ulikuwa mdogo lakini ulikuwa unatumwa kwenda kulichungulia. Yale maduara, mashimo matatu ya dhahabu ya kikundi chao, yalikuwa na daftari moja lililofungwa kwa kamba kwenye nguzo ya kibanda, na Mzee Marwa, msimamizi wao, ndiye aliyeandika humo kila jioni: nani anashuka kesho, duara lipi limejaa maji, matimba ya wapi yamechoka. Matimba ndiyo magogo yanayoshikilia kuta za shimo, na yakioza shimo halina mkono wa kulizuia. Kwa hiyo Mzee Marwa alikuwa na desturi yake. Neno la hatari hakuliandika kama maneno mengine. Alilichorea pembe mbili, moja huku na moja huku, kama kichwa cha ng'ombe kinachokutazama. Alisema aliyekulia machungani hata akiwa hajui kusoma akiona pembe atasimama. Wote wakazoea. Mtu akiuliza, "Leo kuna pembe?" akajibiwa, "Ipo," alirudi nyumbani bila ubishi.

Na Mwita alikuwa hivyo hivyo. Kuna siku alirudi hapa saa mbili asubuhi, amenuna, shati safi halina hata vumbi. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Pembe. Na jiwe tuliloliacha jana linang'aa kama jino la dhahabu, mama, linaning'inia pale, na pembe imelala juu yake." Akakaa akala ugali wa jana, baridi, bila kuupasha. Lakini alirudi. Naomba ulishike hilo. Mimi nililijua, na bado niliruhusu watu waseme kwamba kijana wangu alikuwa hasikii.

Masika yakaja, daftari likalowa, kurasa zikagandana. Hapo ndipo nikajitia ujuaji. Nilikuwa nimemaliza ile kozi ya miezi mitatu pale Tarime mjini, ya kutengeneza kurasa za mtandao, na nilikuwa kama mtu aliyenunua panga jipya, natafuta mti wa kukata. Nikamwambia Mzee Marwa, "Nitawatengenezea daftari lisilolowa. Wewe utaandika kwenye simu yako, na kila mtu atasoma kwenye simu yake, hata walioko Sirari." Alicheka, akasema, "Mama Mwita, na kalamu je?" Baada ya wiki mbili lilikuwepo. Niliona fahari, Bhoke. Mwanamke wa kidato cha nne, mjane, na wanaume thelathini wanaamka wanafungua ukurasa wangu kabla ya kunawa uso.

Sasa hapa ndipo kosa langu lilipo. Wewe unajua mambo haya kunizidi mimi, lakini nitayaandika kama nilivyoyaelewa mimi, maana ndivyo nilivyoyakosea.

Ukurasa wa mtandao una maneno ya aina mbili. Kuna maneno ya kusomwa na watu, na kuna maneno ya amri, yale yanayoiambia simu hapa nenepesha herufi, hapa weka mstari. Simu inazitambua amri kwa alama mbili, < mwanzoni na > mwishoni. Ikikutana na alama ya kwanza mbele ya herufi, inajua amri imeanza. Kilichomo ndani haikionyeshi, inakitii. Na ikiwa ni amri isiyoijua, haiulizi wala hailalamiki. Inakimeza na kuendelea na sentensi inayofuata.

Mwalimu wetu wa kozi, kijana mmoja mpole aliyependa kuvaa sweta hata wakati wa jua, alituambia siku ya mwisho ya wiki ya pili: "Chochote anachoandika mtu kwenye ukurasa wako, kabla hujakionyesha, kigeuze alama zake. Maneno ya mgeni yabaki maneno. Usiyape nafasi ya kuamuru nyumba yako." Akatuandikia ubaoni: alama hii < uiandike &lt; na hii > uiandike &gt; nayo simu itachora alama yenyewe badala ya kuitii. Niliyanakili kwenye daftari langu. Hata kistari nilikipiga chini yake, kwa rula.

Na sikuyafanya. Nilipotengeneza ukurasa wa maduara nilitaka kwanza uonekane. Nikasema hayo ya alama nitayaweka baadaye, wanaoandika ni watu wetu, nani atatuamuru?

Wa kwanza kutuamuru alikuwa Mwita mwenyewe. Alikuwa akikaa nyuma yangu nilipokuwa najifunza, ananusa karatasi zikitoka kwenye mashine zikiwa za moto, huku macho yake yako kwenye kioo cha kompyuta. Jumapili moja akaandika jina lake kwenye ukurasa na amri aliyoiokota kwangu. Watu wakafungua simu zao wakakuta MWITA, nyekundu, kubwa kama ubao wa duka, linatembea kutoka kulia kwenda kushoto, likifika mwisho linaanza tena. Steshenari ilijaa vicheko. Chacha, rafiki yake wa zamu, akamwambia kama vijana wa huku wanavyoitana, "Mura, jina lako linazunguka kama ng'ombe aliyepotea zizi!" Mwita akajibu, "Halijapotea, linatafuta dhahabu." Mzee Marwa akavaa miwani yake, akalitazama jina likipita mara mbili tatu, akasema, "Na mwenyewe angetembea hivyo siku za zamu tungekuwa matajiri." Wewe uliniuliza mbona haligongi ukuta.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na ndani ya kicheko hicho nilijua. Nataka ulijue hili kuliko yote: nilijua. Nilisikia sauti ya yule mwalimu kabisa. Ukurasa ulikuwa umemtii mtu ambaye hakupaswa kuuamuru. Nikasema wiki ijayo nitaziba. Halafu vijana wengine nao wakataka majina yao yatembee, na wateja wakaongezeka, na mimi nikapenda kupendwa. Nikiziba, majina yangesimama. Nikaacha.

Ikapita kama miezi miwili. Wakati huo wote Mzee Marwa alikuwa akiandika hatari kwa herufi kubwa, na hakuridhika. Alisema herufi kubwa ni kupiga kelele tu, hazina macho. Alhamisi moja, mchana kama huu, akaingia steshenari anahema, ameinua simu juu.

"Mama Mwita! Nimezipata pembe!"

"Pembe gani tena, mzee?"

"Zilikuwa zimejificha huku nyuma ya namba. Unabonyeza hapa, halafu tena hapa. Ona! Ya kushoto hii, ya kulia hii. Ng'ombe mzima."

Nikatazama. Alikuwa ameandika neno hatari katikati ya alama hizo mbili, kwenye kile kisanduku cha kuandikia, na ndani ya kisanduku zilionekana vizuri kabisa. Mimi niliziona pembe, Bhoke. Alama nilizojifunza miezi mitatu, nilizozipigia kistari kwa rula, zilikuwa mbele ya macho yangu, nami nikaona pembe za ng'ombe kwa sababu yeye aliniambia ni pembe na alikuwa amefurahi.

Akabonyeza kutuma. Ukurasa ukafunguka. Jina lake lipo, saa ipo, na chini yake pamebaki peupe.

"Mbona hamna kitu?" akauliza.

Palikuwa na mteja ananisubiri na barua ya maombi ya kazi. Nikamwambia, "Ni mtandao, mzee. Leo ni mzito tangu asubuhi. Yatatokea tu."

Yatatokea tu. Hayo ndiyo maneno niliyosema.

Akaondoka kwenda Tarime mjini kutafuta matimba mapya, kwa sababu alikuwa ameshuka mwenyewe duara la pili na kukuta yale ya chini yamelainika kama muhogo uliolowekwa. Jioni, akiwa hukohuko, akaandika. Nakunakilia kama alivyoandika, nayajua kwa moyo:

Zamu ya kwanza duara la pili ni Mwita na Chacha. <msishuke kabla sijafika matimba ya chini yameoza> Kamba mpya ipo kibandani.

Mwita alilala kibandani usiku ule, hakuja nyumbani. Asubuhi akafungua simu. Alivua shati la juu, akalikunja simu ikiwa ndani, kama walivyofanya wote, akashuka. Chacha alikuwa bado anafunga kamba mpya. Mengine unayajua. Ulikuwa shuleni, wakakufuata darasani.

Jioni ya siku ya pili, tukiwa hatujazika, watu walikaa pale uani. Mtendaji wa kijiji alikuja na daftari lake kuuliza. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, nasikia kama mtu aliye ndani ya maji.

"Onyo lilikuwepo au halikuwepo?"

"Nililiweka," Mzee Marwa akasema. "Nililiweka kwa pembe. Mungu ananiona."

Chacha akasimama. "Mzee, shikamoo yako naiheshimu, lakini hatukuliona. Tulisoma wote wawili. Palikuwa na zamu, palikuwa na kamba. Basi."

"Hamkuliona, au dhahabu iliwaziba macho?" mtu akasema kutoka nyuma.

"Naapa kwa mama yangu!"

"Muache mama yako apumzike, na kwenye simu zenu mtu anafuta akitaka. Mama Mwita ndiye mwenye ukurasa. Atupe ushahidi."

Nikanyanyuka. Nikaja hapa nilipo sasa, nikawasha kompyuta. Sikufungua ukurasa ule wanaousoma watu. Nilifungua hifadhi, kule nyuma ambako maneno yanawekwa kama yalivyoandikwa. Yalikuwa mazima yote, pembe na kila kitu. Nikachapa. Nikaibeba karatasi ikiwa bado ya moto, nikampa mtendaji, akasoma kwa sauti mbele ya watu wote.

Chacha alikaa chini. Alinitazama mimi, si mtendaji. Na yule mtu wa nyuma akasema, "Haya. Ni ubishi. Vijana wa siku hizi."

Ile karatasi haikuwa na uongo hata neno moja, mwanangu, na ndiyo iliyomzika kaka yako kwa jina baya. Wakati ule nilidhani nimesema kweli. Nilikuwa nimemkasirikia Mwita kama wewe ulivyomkasirikia. Pale kaburini, walipomtaja kama mfano kwa vijana wasiosikia, niliinamisha kichwa nikakubali.

Siku ya tatu baada ya maziko nikafungua shati lake. Lilikuwa bado limekunjwa, kola ndani, kama alivyozoea. Simu ilikuwa na chaji kidogo. Nikaiwasha, na ule ukurasa ukaja wenyewe, ndio wa mwisho alioufungua.

Zamu ya kwanza duara la pili ni Mwita na Chacha. Kamba mpya ipo kibandani.

Hapakuwa na nafasi katikati, wala doa. Sentensi mbili zimekaa pamoja kama ndugu, hakuna aliyeweza kujua kwamba kati yao kuna kitu kimetolewa.

Nilikaa sakafuni nafikiri mpaka mchana ukaisha. Halafu nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka najichukia kuliko kosa la kwanza. Nikainuka, nikafungua kompyuta, nikaandika ule mstari mmoja wa kugeuza alama. Ulinichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Nikafungua ukurasa tena, na onyo likajitokeza, pembe zake mbili, kamili, limechelewa. Tangu saa ile yeyote aliyefungua ujumbe wa siku ile aliliona, na akathibitisha kwamba Mwita alikuwa mbishi. Nilikuwa nimelirekebisha kosa na kufuta nyayo zake kwa pamoja. Ile simu nikaifungia sandukuni.

Nilijiambia nitasema baada ya arobaini. Halafu nikajiambia wewe una mtihani. Halafu Mzee Marwa akaugua, nikajiambia nisimsumbue. Sababu haziishi kwa mtu anayezitafuta.

Na wengine ndio waliolipa. Chacha hakushika kamba tena hapa. Nani angemwamini mtu aliyeapa uongo mbele ya maiti? Alihamia Manchira, analima nyanya karibu na bwawa. Nilikutana naye sokoni Mugumu mwaka juzi, akaniamkia vizuri, akanichagulia nyanya ngumu ngumu ili zifike nyumbani salama, akaniita mama. Nikazipokea. Nilizila, Bhoke.

Na wewe umelipa. Ulikuwa na kaka aliyekubeba mabegani kuvuka mto mpaka umekuwa mrefu, miguu yako inagonga magoti yake, aliyekuletea kalamu nne za rangi kila alipopata chochote. Ukanyimwa kumlilia. Mimi ndiye niliyekunyima, siku ile jikoni, na siku zote zilizofuata.

Sasa unakwenda kufanya kazi hii hii. Ulipopata barua ya ile ofisi ndogo ya Mwanza, ukaniambia kwamba wanatengeneza kurasa za zahanati, ambazo wauguzi wanaandika na wagonjwa wanasoma, nilikukumbatia, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika. Ukadhani ni maharage.

Watakufundisha kunizidi, na vifaa vya siku hizi vinageuza alama vyenyewe mara nyingi. Lakini kila ukurasa una mahali penye mlango ambao mtu ameuacha wazi kwa makusudi, ili herufi zinenepe, ili kitu kipendeze. Ukifika hapo, nikumbuke. Muuguzi hatajua alama zako. Ataandika kama alivyozoea, kwa desturi ya mahali pake, na atatia alama pale hasa anapotaka mtu asimame. Usimlaumu kwa kuandika, wala usimkataze kuziandika, wala usimfutie. Mzee Marwa hakukosea kitu. Ni kazi yako wewe uliye katikati kuhakikisha alichoandika ndicho kinachosomwa.

Maneno yahifadhi kama yalivyokuja, uyageuze wakati wa kuyaonyesha, na mara moja tu. Mimi baadaye kwa woga niligeuza mara mbili, wakati wa kuhifadhi na wakati wa kuonyesha, watu wakaanza kuona &lt; na &amp; zimetapakaa kwenye sentensi kama siafu, wakaniuliza ukurasa umepatwa na nini. Ile alama ya & igeuze ya kwanza kabla ya nyingine zote, la sivyo itaharibu ulizozitengeneza. Alama za kunukuu nazo usizisahau. Haya unayajua. Nayaandika kwa sababu nilipaswa kuyaandika wakati ule.

Lisilo kwenye vitabu vyako ni hili. Mtu akikuuliza, "Mbona hamna kitu?", simama. Muache mteja asubiri. Usiseme mtandao. Chukua simu ya yule anayesoma, siyo yako, utazame kile anachokiona yeye. Mimi nilitazama kisanduku cha anayeandika, na baadaye nikatazama hifadhi, na mahali pote hapo palikuwa sawa. Mahali pamoja tu sikutazama, na ndipo mwanangu alipokuwa amesimama.

Na ukikosea, kwa sababu utakosea, sema siku hiyo hiyo, kabla hujalirekebisha. Sikuambii kama mtu anayejua kufanya hivyo. Nakuambia kama mtu aliyeona ilivyo kuishi bila kufanya.

Jumapili, baada ya ibada, nilimfuata Mzee Marwa pale chini ya paa la kanisa, mvua ilikuwa inanyesha. Nikamwomba aite watu wa kikundi wote, wa zamani na wa sasa.

"Kuhusu nini?" akaniuliza.

"Kuhusu Mwita."

"Habari ya kijana yule tuliimaliza, Mama Mwita. Usijitoneshe."

"Ninyi mliimaliza. Mimi bado."

Akavua miwani yake, akaifuta maji ya mvua. Amezeeka sana, umeona. Akasema, "Ijumaa, saa nne asubuhi, kibandani. Utasema mwenyewe, mimi sijui kusemea watu." Hakuuliza zaidi. Chacha nimempigia, amekubali kuja kutoka Manchira, naye sijamwambia kitu isipokuwa kwamba namhitaji. Simu ya Mwita nimeitoa sandukuni, nimeichaji, imewaka. Bado ina ule ukurasa kama ulivyokuwa, maana nilipiga picha ya kioo chake, humo humo kwenye simu, siku ile kabla sijarekebisha. Sijui kwa nini nilipiga. Labda kuna sehemu yangu ilijua kwamba siku hii itakuja. Nitawapa waishike wenyewe, mmoja mmoja, wasome.

Sijui watanifanya nini. Huenda wakanyamaza, na huenda Mzee Marwa asiniamkie tena. Huenda steshenari ikakosa watu. Chacha ana haki ya kunitukana, na nimejiandaa pia kwamba huenda asinitukane, jambo ambalo litakuwa gumu zaidi.

Basi lako linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, kikao ni saa nne. Sikuombi ubaki. Kazi yako inaanza Jumatatu na nauli umeshalipa. Lakini sikutaka habari hizi zikufikie kwa simu ukiwa umepita Bunda, kutoka kwa mtu mwingine, na mimi siko mbele yako. Ulipaswa kuwa wa kwanza kuambiwa, miaka sita iliyopita. Leo angalau uwe wa kwanza.

Ukirudi nitakupa barua hii kabla ya chakula. Nitakaa kwenye kile kiti cha mlangoni, sitaondoka na sitakuharakisha. Ukimaliza, sema lolote lililo moyoni mwako. Ukitaka kupiga kelele, piga. Ukitaka kulala kwa jirani usiku huu, nitakubebea shuka. Ila usinifariji, nakuomba. Ukiwa na faraja, mpe kaka yako, amekaa bila hiyo kwa muda mrefu.

Nasikia pikipiki inapanda kilima, nadhani ni wewe.

Hakuwa mbishi, Bhoke. Asubuhi ile alifungua ukurasa wangu kama kila siku, akasoma kila neno nililomwonyesha.

Mama yako